Majina Mapya katika Kitabu cha Ukoo wa Lin

Msitu hauulizi mti ulikotoka. Ndivyo mjomba wenu alivyomjibu yule bwana aliyenung'unika harusini kwamba kwao bibi harusi hakujulikani. Nanyi mmenijia mbio kutaka kujua maneno hayo yana asili gani. Kaeni basi. Sisi ni kina Lin, na Lin kwa Kichina ni msitu. Huandikwa kwa kuchora miti miwili iliyosimama bega kwa bega. Kwa hiyo methali hii ni ya nyumbani kwetu, na ilianza hivi.

Zamani za wafalme, katika milima ya kusini mwa China, palikuwa na kijiji ambacho watu wake wote waliitwa Lin. Mkuu wa ukoo alikuwa Mzee Daoheng, mkulima wa chai, mtu wa maneno machache. Yeye ndiye aliyetunza kitabu cha ukoo, chenye majina yao wote tangu babu wa kwanza. Mke wake alikwisha kufariki. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Wenbo.

Mwaka mmoja mto ulifurika ukazoa vijiji vya bondeni. Watu ishirini na watatu wakakwama juu ya kilima kidogo cha matope katikati ya maji. Wenbo alijifunga kamba kiunoni akawaendea, akawavusha mmoja baada ya mwingine, mchana kutwa. Wa mwisho alikuwa mjane kijana aitwaye Qiaoyun, binti yake mchanga mgongoni. Wenbo alipokwisha kuwasukuma ukingoni, gogo lililoletwa na maji likampiga, kamba ikakatika. Hakuonekana tena.

Walionusurika hawakuwa na pa kurudi. Kijiji cha kina Lin kikawapa ubavu wa mlima uliojaa mawe, na wao wakayang'oa kwa mikono, wakakata matuta, wakapanda mpunga. Miaka mitatu ikapita. Mzee Daoheng hakuwafukuza, ila hakuwa na neno nao. Akikutana na Qiaoyun njiani alitazama pembeni. Moyoni alikuwa akisema: laiti mwanamke huyu angevuka upesi kidogo tu, mwanangu angekuwa hai. Kisha aliona haya kwa kuwaza hivyo. Na kesho yake aliwaza vilevile.

Ndipo ilipotoka amri ya mfalme kwamba kila kaya iandikwe kwa ukoo wake. Mtu asiye na mzee wa ukoo wa kumkubali mahali anapoishi angepelekwa kaskazini kuchimba mifereji. Waliokwenda huko, hakuna aliyewahi kuwaona wakirudi.

Siku mbili kabla ya afisa wa mfalme kufika, Qiaoyun alibisha hodi kwa Mzee Daoheng. Hakuvuka kizingiti.

“Mzee wangu,” alisema, “mimi nipeleke kaskazini ukipenda. Najua ukiniona unamwona nani. Lakini waandike wenzangu. Mwandike na mwanangu.”

“Kitabu hiki ni cha damu,” Daoheng akajibu. “Nikifa, babu zangu wataniuliza nimewaletea watu gani.”

“Na huyo babu yenu wa kwanza, alikuja na kitabu cha nani?”

Hakuna Lin asiyeijua habari ya babu huyo. Mama mjamzito alikuwa akiwakimbia askari wa mfalme dhalimu, waliokwisha kumuua mumewe. Akajificha msituni na humo akajifungua. Watu walipomkuta wakamuuliza mtoto huyu ni wa nani, aliogopa kulitaja jina la marehemu. Akasema, “Ni wa msitu.” Wakamwita Lin. Ukoo wote ule, na majivuno yake yote, ulianza kwa mwanamke mkimbizi mwenye mtoto mkononi.

“Nenda nyumbani,” Daoheng alimwambia. Sauti yake haikuwa na ukali.

Jioni hiyo mdogo wake, Zhenhai, alimkuta amekifungua kitabu kwenye ukurasa wa jina la Wenbo. Chini ya jina hilo karatasi ilikuwa nyeupe.

“Kaka, nimesikia alichokuja kutaka yule mwanamke. Tukiwaingiza hao, Lin litakuwa jina la kila mpita njia. Halafu afisa akigundua, ni shingo yako.”

“Zhenhai, ulikuwepo siku ile pale mtoni?”

“Nilikuwepo. Niliishika kamba.”

“Ulimsikia Wenbo akimuuliza hata mmoja wao ni wa ukoo gani?”

Daoheng akaendelea, taratibu, kama mtu anayejifunza kusema. “Miaka mitatu nimekuwa nikiwaza jinsi alivyokufa. Sikuwahi kuwaza alikuwa akifanya nini.”

Afisa alifika na makarani wawili, akaketi uani. Kina Lin wakaandikwa, nyumba kwa nyumba. Mwishoni wakabaki wale ishirini na watatu, wamesimama kimya, Qiaoyun amemshika binti yake kwa nguvu hata mtoto akalalamika.

“Hawa ni wa ukoo gani?” afisa akauliza.

“Lin,” alisema Daoheng.

“Mimi nimeambiwa waliletwa na mafuriko. Unaapa kwamba ni damu yako?”

Kuapa uongo mbele ya afisa wa mfalme kulikuwa kifo.

“Bwana, hukuniuliza damu. Umeniuliza ukoo. Ukoo wetu ni msitu, na msitu hauulizi mti ulikotoka. Ukishika mizizi kwetu, ni wetu.”

Afisa alimkazia macho, kisha akamgeukia Zhenhai. “Na wewe, mdogo wake, unasemaje?”

Neno moja tu la Zhenhai lingetosha kuwamaliza wote. Aliitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyoishika kamba siku ya mafuriko.

“Yeye ndiye mkuu wa ukoo,” akasema. “Asemalo ndilo letu.”

Afisa akachovya brashi katika wino, akawaandika: Lin.

Siku ileile Daoheng alikifungua kitabu cha ukoo akaandika majina yote ishirini na matatu kwa mkono wake. Jina la Qiaoyun aliliweka ubavuni mwa jina la Wenbo, mahali pa dada. Qiaoyun alipooneshwa alipiga magoti akalia kwa sauti. Mzee akainama, akamshika mabega.

“Inuka, mwanangu,” alisema.

Zhenhai hakuongea na kaka yake mpaka mavuno ya pili. Lakini hakufuta jina lolote.

Watoto wa watu wale wakazaa, mlima ukawa mdogo. Wengine wakashuka pwani, wengine wakapanda majahazi wakaenda visiwa vya mbali, na kila walikofika waliwapokea wageni, na wageni hao wakachukua jina la Lin. Mmoja wao alifika hapa Tanga, akaoa hapa. Huyo ndiye babu yangu.

Mtaniuliza, je, yeye alitoka kwa Daoheng, au kwa wale waliookolewa mtoni? Sijui, wajukuu zangu. Mzee aliyaandika majina yote kwa wino mmoja, hakuweka alama. Nasi hatukuuliza, kwa kuwa msitu hauulizi mti ulikotoka.