Chuma cha Marehemu Elinami

Chuma kikiwahi moto, uliza kililala wapi. Shangazi yenu alipoitamka methali hiyo mchana mlicheka, na Nakijwa ndiye aliyecheka zaidi, maana alilengwa yeye na simu aliyoinunua jana kwa mtu asiyemjua. Sasa mnataka chanzo chake. Kaeni. Sitarudia.

Kule Hedaru alikuwapo mjane aitwaye Namkunda. Alitengeneza redio katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Siku moja chuma chake cha kulehemu kiliungua ndani, kikafa. Akaenda gulioni kutafuta kingine.

Muuzaji, Mbonea, alikuwa na viwili. Kimoja kipya. Kingine kilishatumika, mpini wake wa mbao umelika pale kinapokaa kidole gumba. Akachomeka kile kipya kwenye umeme. Namkunda akakigusisha risasi ya kulehemu, haikuyeyuka.

"Mpe nafasi, mama. Bwana harusi huyo, bado ana haya."

"Mimi nilishaolewa, Mbonea. Lete hicho kingine."

Risasi ikayeyuka papo hapo. Namkunda akakagua ncha, akakagua waya, vyote vizima. Alipokuwa akikifunga ndipo alipoona kwamba hakikuwa kimechomekwa popote. Akajiambia ni moto uliobaki wa mteja aliyetangulia, akaenda zake.

Nyumbani kililehemu vizuri mno. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kama unaongozwa. Lakini redio ya kwanza aliyoirudisha ilikohoa. Kati ya stesheni na stesheni, mwanamume alikohoa, kisha akasema taratibu, "Bado sijamaliza. Usifunge." Ya pili vivyo hivyo. Mwenye ya tatu alitoa betri, na sauti ikaendelea. Watu wakarudisha redio zao, wakaziacha mlangoni bila kupiga hodi. Hakuja tena mteja hata mmoja, na mjane asiye na wateja hali.

Namkunda akamrudia Mbonea.

"Chuma hiki kililala wapi kabla ya kuja kwako?"

Mbonea akatazama pembeni. "Kwa fundi Elinami. Shemeji yake ndiye aliyekileta."

"Elinami tumemzika majuzi tu! Matanga yameanuliwa?"

"Hayajaanuliwa."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Hukuniuliza, mama. Uliniuliza kama kinawaka."

Mafundi wa pale walikuwa na desturi yao. Fundi akifa, chombo chake hutundikwa juu ya mlango wake, kipoe mpaka matanga yaanuliwe, ndipo ndugu humkabidhi fundi mwingine. Hicho kilishushwa kabla hakijapoa.

Namkunda akaenda msibani mchana ule ule. Mke wa Elinami alimwona na chuma mkononi, akamwongoza hadi chumba cha kazi. Juu ya meza palikuwa na redio iliyo wazi, waya mmoja ukining'inia.

"Alianguka akiitengeneza hii," akasema.

Hapakuwa na umeme chumbani. Namkunda akainama, akagusa waya ule kwa chuma. Risasi ikayeyuka, ikashika. Redio ikakohoa mara moja. "Funga sasa," ikasema, ikanyamaza.

Chuma kikapoa palepale, kikawa baridi kiasi cha kumuuma kidole gumba. Wakakitundika juu ya mlango. Tangu hapo redio za watu zikaongea habari zao za kawaida, na Namkunda akanunua kile kipya. Kila asubuhi alikichomeka, akanywa chai yake akikisubiri, na aliyemcheka kwa uvivu wa chuma chake alijibiwa kwa maneno hayo mnayoyauliza.

Nakijwa, simu hiyo umeshaitia laini? Bado?

Basi mbona inaita?

Acha, usipokee. Chuma kikiwahi moto, uliza kililala wapi.