Kailula ya Muadhini Dhakwani

Wametuhadithia wazee wetu wa elimu kwamba katika mji mmoja wa Hadhramaut, zamani za wacha Mungu, alikuwako muadhini aitwaye Dhakwani, mja mwema mwenye sauti ya kupenya kuta. Ulipoingia mwezi mtukufu wa Ramadhani, Dhakwani aliacha kailula, ule usingizi mfupi wa adhuhuri, ili asome juzuu ya ziada ya Kurani msikitini, wenzake wakiwa wamejinyoosha majumbani. Watu wakamsifu sana, na sifa ni tamu hata kwa aliyefunga.

Siku ya ishirini mbingu ilifunga mawingu. Baada ya Alasiri, Dhakwani alipanda mnarani kulichunga jua. Akaketi, akaegemea ukuta, na usingizi aliokuwa akiufukuza siku zote zile ukamchukua. Alipogutuka aliona kiza, akadhani jua limekwisha kutua, akaadhini. Mji mzima ukafuturu. Haukupita muda, wingu likapasuka na jua likaonekana, lingali juu ya mitende.

Imamu alitangaza kwamba kila aliyekula atailipa siku hiyo baada ya Idi. Hakuna aliyemlaumu Dhakwani. Wote walisema ni wingu lililomhadaa. Naye akauacha udhuru huo umsitiri.

Baada ya Magharibi ya kweli akaenda kwa Bibi Umaima, ajuza kipofu aliyeishi peke yake nyuma ya msikiti. Bibi huyu alikuwa dhaifu mno, kila funga akiimaliza kwa taabu, na hakuwa na njia ya kujua kwamba jua limetua ila kwa adhana. Akamkuta ameketi mbele ya kokwa za tende, analia kimya kimya.

"Nimesikia adhana mbili, mwanangu," akasema. "Majirani wananiambia ni wingu. Ni wingu kweli?"

Dhakwani angeweza kuitikia, na mji mzima ungemtolea ushahidi. Akaketi chini mbele yake.

"Wingu lilikuwapo, mama. Lakini mimi sikuliona. Nilikuwa nimelala. Nisamehe."

Bibi Umaima akamuuliza mchana huwa anapumzika wakati gani. Dhakwani akamweleza yote, juzuu zake na sifa za watu, wala hakujitetea.

"Nimekusamehe," akasema ajuza, "na siku yangu nitailipa, Mungu akinipa uzima. Lakini wasomaji pale msikitini ni wengi. Mimi macho yangu ni hayo yako. Nenda ukayalaze."

Asubuhi yake Dhakwani aliungama mbele ya waumini msikitini, akaomba avuliwe uadhini. Wakakataa. Tangu hapo, sala ya Adhuhuri ikisha, alirudi nyumbani akalala, bila kujali ni nani anamtazama.

Ndugu zangu katika imani, mwili nao ni amana. Tunapojinyima usingizi tukauita uchovu wetu ucha Mungu, tujiulize ni nani anayefuturu kwa sauti zetu.