Msitu Ulioitwa Kwetu

Haya, hadithi njoo! Ije na ukali wake, maana utamu leo sina. Nimewaona mkiwarushia mawe mbega wa msitu ule wa juu. Kaeni chini!

Hapo kale, kale ya babu ya babu yangu, msitu huo uliitwa Kwetu. Basi. Unaenda wapi? Kwetu. Kuni umetoa wapi? Kwetu. Maji umechota wapi? Kwetu. Kila kiangazi kila nyumba ilitoa mtu kufyeka njia ya moto, ukanda mtupu wa kuuzuia moto usivuke. Nyati walikuwa na mapito yao, hakuna aliyelima pale, nao hawakushuka mashambani.

Akaja Jumbe Semboja, tumbo mbele, akili nyuma. Akapigisha mbiu: "Kuanzia leo msitu unaitwa Kwa Jumbe. Asiingie mtu!"

Nakiete, mwanamke mrina asali, mizinga yake tisa ilikuwa humo, na ndiyo iliyowalisha wanawe. Akauliza, "Jumbe, umekaa kikao na nani?"

"Nimekaa mwenyewe."

"Na njia ya moto atafyeka nani?"

"Hilo halikuhusu, mama. Nenda kasonge ugali."

Ati kasonge ugali! Mnasikia, watoto? Hadi leo damu inanichemka!

Kiangazi kikaja, hakuna aliyefyeka. Adhuhuri moja moshi ukapanda. Mpiga mbiu akakimbia akilia, "Moto Kwa Jumbe! Moto Kwa Jumbe!" Watu wakatazamana. "Kwa Jumbe? Basi Jumbe ataenda." Wakaendelea kupukuchua mahindi. Wajinga! Ndiyo, ni babu zangu, na nasema wajinga!

Nakiete akapita mlango kwa mlango, analia, anatukana: "Maji mnayokunywa yanatoka kwa nani? Nyati wakikosa pa kukaa watalala kwa nani?" Hapo ndipo wakainuka na matawi mabichi, wakauzima moto. Lakini upande mzima ulishateketea, na mizinga sita ya Nakiete imo.

Nyati nao, mapito yao yakiwa majivu, wakashukia mashamba. Jumbe, bila haya, akasema, "Ninyi ndio mliochelewa!"

Nakiete akamtupia miguuni mzinga ulioungua. "Tulichelewa kwa sababu ulituambia si kwetu. Haya, piga mbiu mwenyewe. Taja jina."

Watu wamesimama na mapanga ya kufyekea, hakuna anayesogea. Mwisho Jumbe akapuliza pembe, akasema kwa sauti ndogo, "Kwetu."

"Hatujasikia!"

"Kwetu!"

Ndipo wakaenda kufyeka njia ya moto ya upande uliobaki, naye Jumbe mbele, jasho linamtoka.

Mnakiona kile kipara cha mlima, pasipoota hata majani ya mbuzi, wala maji hayatoki? Panaitwa Kwa Jumbe mpaka leo. Cha wote akijitwalia mmoja, kikiungua hulia wote. Yangu nimeyasema, asiyeyataka akachote maji Kwa Jumbe.