Zamu ya Mgeni

Kanisa la Kibaptisti la katikati ya jiji limebanwa kati ya duka la vitambaa na jengo la ofisi lenye ghorofa tisa, mithili ya kitabu chembamba kilichosukumwa kwenye rafu iliyojaa. Mpita njia asiye na habari hulipita bila kuliona. Ila siku ya Jumapili akisikia nyimbo hupunguza mwendo, na akishapunguza mwendo, amekwisha. Mlangoni husimama Bibi Karibu, naye hajawahi kumwacha mtu aliyepunguza mwendo.

Jina lake la kuzaliwa watu wamelisahau. Kwa miaka thelathini na minane amesimama pale, mkono mmoja umeshika mlango na wa pili umenyooshwa. Wenyeji huwajua kwa viatu vyao na wageni huwajua kwa macho yao. Huwapa kitabu cha nyimbo, kisha huwatafutia kiti kando ya mtu mchangamfu, kwa maana husema, "Mgeni ukimketisha na mnunaji, umemfukuza kwa adabu."

Kanisa hilo lina desturi yake iitwayo zamu ya mgeni. Kila Jumapili mwenyeji mmoja huwa na zamu, na mgeni aliyesimama kujitambulisha siku hiyo hali peke yake. Huenda kula kwa mwenye zamu, awe amepika wali au amechemsha chai tu. Wapo walioingia jijini hawajui hata jirani wa mlango wa pili, na leo ni waimbaji, ni mashemasi, ni walimu wa watoto. Ukiwauliza ni mahubiri gani yaliyowavuta, watacheka. Hawakumbuki mahubiri. Wanakumbuka sahani.

Basi katika miaka yote hiyo ni mtu mmoja tu aliyemshinda Bibi Karibu, naye walilala kitanda kimoja. Mumewe, fundi saa, alimsindikiza kila Jumapili hadi mlangoni, akatazama saa yake, akasema, "Haya, kaniombee na mimi," kisha akarudi zake nyumbani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgumu tu, kama nati iliyoshika kutu.

Mwaka huu aliugua kifua akalazwa wiki tatu. Waumini walipeana zamu ya kukaa kando ya kitanda chake: leo mshonaji, kesho muuza magazeti, keshokutwa mchungaji mwenyewe na chupa ya uji kwapani. Alipotoka hospitali, Jumapili ya kwanza alimsindikiza mkewe hadi mlangoni, akatazama saa, akaingia. Miezi miwili baadaye aliomba kubatizwa. Siku hiyo Bibi Karibu alikuwa kama kibogoyo aliyeota meno.

Lakini furaha ina kikwazo chake. Kwa Wabaptisti, kubatizwa si kunyunyiziwa matone kichwani. Mtu huzamishwa mwili mzima. Birika lao la ubatizo limejengwa chini ya jukwaa, lina ngazi nne za kushukia, na siku ya ubatizo mbao za juu huondolewa likaonekana. Sasa ni miaka miwili birika hilo lilikuwa likivuja. Hujazwa Jumamosi, na Jumapili asubuhi maji yamenywea. Walikuwa wameziba sakafu yake mara tatu kwa saruji, na mara tatu maji yamewacheka. Wanaobatizwa walipelekwa kanisa jingine, ng'ambo ya jiji.

Fundi saa alikataa kwenda huko. "Mlango nilioukimbia miaka thelathini na minane ni huu," alisema. "Nikizama, nizame ndani ya mlango huu."

Siku ikapangwa, birika likavuja. Ikapangwa siku ya pili. Asubuhi hiyo fundi saa alikuwa tayari amevaa kanzu nyeupe ya ubatizo mchungaji alipomjia akiwa amekosa pa kuweka macho. Mzee aliivua kanzu taratibu, akaikunja mara nne.

"Mara mbili, mke wangu," akasema. "Jumapili ijayo nitakuja mara ya tatu. Maji yakinikimbia tena, nitajua sitakiwi, na tusisumbuane tena kwa habari hii." Akaondoka.

Bibi Karibu alimfahamu mumewe. Neno lake lilikuwa kama saa alizozitengeneza: halirudi nyuma.

Alisimama mlangoni moyo ukiwa mzito kama jiwe la kusagia. Akaja mtu mmoja wa makamo, amevaa ovaroli iliyofuliwa lakini yenye madoa yasiyotoka. Alikuwa amepunguza mwendo. Bibi Karibu alimpa kitabu bila kumtazama usoni. Katika miaka thelathini na minane hakuwahi kufanya hivyo.

Wakati wa wageni kusimama, yule mtu akasimama peke yake, ameshika kofia kwa mikono miwili. "Mimi ni fundi wa matangi," alisema. "Nimeletwa jijini kwa kazi ya wiki nne kwenye kiwanda cha maziwa. Jumapili zilizopita nilizunguka mitaani tu mpaka jua likachwa. Leo nimesikia mnaimba."

"Karibu nyumbani," kanisa zima likaitika.

Shemasi mkuu, mzee mrefu aliyestaafu ualimu, akafungua daftari. "Zamu ya leo ni ya Bibi Karibu."

Bibi Karibu alitaka kusema, Mwalimu, leo nipumzishe, mpe mwingine. Nani angemlaumu? Lakini alimtazama yule mgeni, naye alikuwa akitazama huku na huku kutafuta Bibi Karibu ni nani, kama mtoto aliyeambiwa mama yake yumo humo ndani. Akameza maneno yake, akainua mkono.

Nyumbani fundi saa alikuwa ameinamia meza yake, lenzi jichoni, saa ya mtu imefunguliwa tumbo. Alimwitikia mgeni salamu kwa heshima na kuendelea kuinama. Bibi Karibu akapakua wali na maharage. Kimya kilipozidi, alifanya alichozoea kufanya kila kimya kinapoingia nyumbani mwake.

"Kitendawili."

"Tega," mgeni akajibu, uso ukimchangamka.

"Namshibisha jioni, asubuhi ana njaa, na hajatoka nje."

"Mtoto mchanga."

"Mtoto hulia. Huyu wangu yu kimya."

"Taa ya mafuta."

"Umekosa. Nipe mji."

"Haya mama, chukua mji."

"Mji nimeuchukua, nimetembea, nimerudi. Ni birika letu la ubatizo."

Fundi saa akaguna mezani kwake. "Wabaptisti wasio na maji. Kama kinyozi asiye na wembe, bado anawaambia watu waketi."

"Mume wangu, mgeni anakula."

"Namsimulia tu."

Mgeni alikuwa ameacha kula. "Mnajaza hadi juu? Na asubuhi yanakuwa yameshuka hadi wapi?"

"Yameisha," Bibi Karibu akasema.

"Yote?"

"Yanayobaki tunayafungulia kizibo, tuone sakafu ilipopasuka."

"Kumbe yapo yanayobaki." Mgeni akajisogeza mbele. "Mama, maji hayaishi ovyo. Hushuka mpaka kwenye tundu lake, yakasimama hapo. Nyinyi mnamwosha mgonjwa kabla daktari hajamwona kidonda. Yanasimama wapi?"

Hakuna aliyejua. Miaka miwili, kanisa zima, na hakuna aliyewahi kuyangoja maji. Fundi saa alitoa lenzi jichoni. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama mtu.

"Saa ikisimama," akasema polepole, "huikung'uti. Unaangalia kwanza imesimama wapi."

"Ndivyo, mzee."

"Mimi ni mjinga," fundi saa akasema. "Nimekaa na hawa miezi sita, sikuwauliza hilo."

Siku ya Jumatatu Bibi Karibu alikwenda kwa shemasi mkuu. Jioni hiyo kamati ya majengo ikakutana, maana, kama Bibi Karibu alivyokuwa amemweleza mgeni akimsindikiza, "kwetu sisi hata msumari hupigiwa kura." Shemasi mkuu alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mgeni wa Jumapili moja," akasema. "Sisi tumeziba mara tatu."

"Ndiyo, Mwalimu," Bibi Karibu akajibu. "Na mara tatu tumepata matokeo yale yale. Wewe shuleni ungemfanyia nini mwanafunzi anayerudia kosa lile lile?"

Kamati ikacheka, na yeye akacheka kwa shida. Kura zikapita zote.

Birika likajazwa Jumanne asubuhi. Jumatano maji yalikuwa yameshuka, na shemasi mkuu, kwa mazoea, akapiga goti, mkono ukiwa njiani kwenda kwenye kizibo.

"Mwalimu, toa mkono," Bibi Karibu akasema. Alikuwa ameleta kiti na ufumaji wake, amekaa ukingoni kama askari wa zamu.

Fundi saa alikuja mchana, akachora mstari wa chaki usawa wa maji. Alhamisi maji yalikuwa papo hapo kwenye chaki. Hayakushuka hata upana wa ukucha. Jioni mgeni alipotoka kiwandani alishuka ngazi, suruali ameikunja magotini, akapitisha kidole ukutani usawa wa mstari ule. Kidole kikafika kwenye chuma cha kushikilia, kile kilichofungwa ukutani ili wazee wasiteleze wakishuka.

"Chuma hiki kilifungwa lini?"

Bibi Karibu alikuwa akijua, akainamia ufumaji wake. Shemasi mkuu ndiye aliyesema.

"Miaka miwili. Nilikifunga mimi. Nilitoboa kwa mkono wangu." Akaketi kwenye ngazi ya juu. "Magoti yalikuwa yakiniuma. Niliwaonea huruma wazee wenzangu."

Bolti zake nne zilikuwa zimepenya vigae hadi kwenye ukuta. Sakafu waliyoiziba mara tatu haikuwa na kosa lolote. Mgeni hakucheka. "Mzee, ulilotaka lilikuwa jema," alisema. "Chuma tutakirudisha, ila juu ya ukingo, nje ya maji." Usiku ule hakurudi mapema bwenini kwake, aliyaondoa maji, akachomoa bolti, akaacha matundu yakauke. Kesho yake alileta dawa ya kuzibia wanayotumia kwenye matangi ya maziwa, akaziba, akapanga vigae vipya. Fundi saa alimshikia taa, na kila mara alipoambiwa apumzike alisema hakuchoka.

Jumamosi adhuhuri walijaza. Jumapili alfajiri Bibi Karibu alikwenda peke yake, akavuta ubao mmoja, akachungulia. Maji yalikuwa yamejaa pomoni, yametulia kama kioo. Hakupiga kelele. Aliketi ukingoni akalia kidogo, akajifuta, akaenda kusimama mlangoni kwake.

Kabla ya ubatizo shemasi mkuu alisimama mbele ya kanisa. "Miaka miwili nimekuwa nikiomba Mungu atuonyeshe anayevujisha maji," alisema. "Amenionyesha. Ni mimi." Kanisa likacheka na kupiga makofi, na baadhi ya wazee waliokishika chuma kile walikwenda kumkumbatia papo hapo, katikati ya ibada.

Fundi saa akatoka amevaa kanzu nyeupe. Penye ngazi ya kwanza alisimama, akavua saa yake mkononi, akamkabidhi mkewe.

"Unaogopa itaharibika?" Bibi Karibu akamnong'oneza.

"Siogopi. Nimechelewa vya kutosha, sina haja ya kuendelea kuhesabu."

Akashuka. Mchungaji akamzamisha, akamwinua, maji yakamchuruzika kwenye mvi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Ni ya baridi," na waimbaji wakashindwa kuanza wimbo kwa kicheko. Yule fundi wa matangi, ambaye kesho yake angesafiri kurudi kwao, alikuwa mstari wa nyuma amesimama juu ya vidole ili aone vizuri. Mshonaji akamvuta mbele, muuza magazeti akampisha, na mikono ya watu ikampitisha hadi ukingoni mwa birika.

Mzee akapanda ngazi akitiririka, akamkumbatia hivyo hivyo alivyolowa.

"Uliingia kwetu kula," akamwambia, "na mimi ndiye niliyeshiba."

Bibi Karibu akaitazama saa iliyokuwa kiganjani mwake, akawatazama mafundi wawili walioloweshana, na shemasi aliyekuwa mwepesi kama aliyetua mzigo. Akafikiri jinsi alivyobakisha kidogo tu kusema, Mpe mwingine. Hapo akayaamini kwa moyo wote maneno aliyokuwa akiyasikia tangu utotoni: mgeni njoo, mwenyeji apone.