Bi Uduvi, Mwonja Chumvi

Hapo kale, bahari ilipokuwa na chumvi ya kiasi tu, uduvi alikuwa na ngozi nene kama viumbe wenzake. Kilichoingia tumboni mwake alikijua yeye na Mola wake.

Bi Uduvi aliishi mlangoni mwa mto, maji matamu yanapokutana na ya chumvi, kwa hiyo hakuna aliyemshinda kwa ulimi wa kuonja chumvi. Kila mwezi wa mfungo wapishi wa baharini walimwita aonje futari. Kuonja huko kuna adabu yake: unagusisha ncha ya ulimi, unatema, saumu yako inabaki salama. Alikuwa mjane, mdogo wa umbo, asiye na cha kujivunia ila kazi hiyo. Bila yeye chungu hakiepuliwi, na heshima ile aliipenda kama roho yake.

Lakini mwonja asali haonji mara moja. Alasiri moja, jikoni kwa Bi Chewa, mbaazi za nazi zilimlegeza. Akaonja, akasahau kutema. Akaonja tena kuhakikisha kwamba kweli amesahau. Mwishowe chunguni ukabaki mwiko.

"Shoga, mbaazi ziko wapi?" Bi Chewa akauliza.

"Zimepungua motoni. Kuni zako kali."

"Na hilo tumbo?"

"Hewa tu, mwenzangu. Mfungo una mambo."

Wapishi wengine wakasogea na miko yao. Bi Uduvi akaiona heshima yake inamponyoka, akaogopa kwelikweli, akaapa: "Kama nimemeza hata punje moja, tumbo langu na liwe wazi kama maji, mjionee wenyewe."

Njia ya mwongo ni fupi. Kabla hajafumba mdomo, ngozi yote ilitakata, na mbaazi zikaonekana zimejipanga tumboni, tui limezizunguka. Bi Chewa aliinama, akazitazama kwa makini.

"Chumvi ilikuwa sawa?" akauliza.

Bi Uduvi akaruka kinyumenyume hadi topeni, akalia kwa aibu.

Na tangu siku hiyo uduvi ana tumbo la kioo. Mchana hujificha chini. Jua likishatua ndipo hupanda kula gizani, asipoonekana. Nao wapishi, kwa kukosa mwonjaji, wakawa wanatia chumvi kwa kukisia, mpaka bahari ikawa hivi ilivyo. Kila magharibi Bi Uduvi hupita humo akijua kabisa kwamba chumvi imezidi, na hakuna anayemuuliza.