Kamera Ilipokwisha Kumpita

Mama mmoja alikuwa anafua mashuka ya wageni, povu limefika kwenye viwiko, bintiye alipoingia uani mbio.

"Mama, mpiga picha kafika! Kamera yake kubwa kama jiko la mkaa. Na kaka mdogo yuko naye, kambebea ile miguu mitatu ya kamera!"

Mama akaliacha shuka kwenye beseni. Huyo mdogo hakuwa amekanyaga pale tangu baba yao azikwe. Kaka mkubwa ndiye aliyeamua wazike mchana bila kumsubiri, naye alipofika jioni akakuta kaburi limeshafunikwa. Tangu hapo mkubwa anasema, "Mimi ndiye mkubwa, aje aniamkie kwanza." Mdogo anasema, "Aje aniombe radhi kwanza." Wenzangu, watu hawa hatuwajui? Si wengine tumekaa nao benchi moja humu kanisani asubuhi hii?

Mama alitaka jambo moja tu: ukoo wote kwenye picha moja, kisha wote wale chakula chake. Lakini mkubwa alikwisha kumwambia, "Nikishapigwa tu, naondoka."

Kamera yenyewe ilikuwa ya kizamani, ya filamu pana, inayojizungusha polepole juu ya miguu yake mpaka ichukue watu wote. Mpiga picha akawapanga nusu duara.

"Filamu imebaki hii moja," akasema. "Naanzia huku kushoto. Kama haijakupita, usitikisike, usiseme, usicheke. Ikishakupita, hata ukienda kunywa chai, shauri yako."

Mkubwa akachagua mwisho wa kushoto. Mdogo akaenda mwisho wa kulia, mbali kabisa. Walichosahau ni kwamba kwenye nusu duara, walio mwisho huku na mwisho kule hutazamana uso kwa uso. Na wameambiwa wasitikisike! Shangazi yao mmoja akanong'ona, "Leo mtatazamana mpaka mshibe."

Kamera ikaanza kunguruma. Ikampita mkubwa, ikawapita wajukuu, ikawa inamkaribia mama pale katikati. Hapo mama akaona, kwa pembe ya jicho, mwanawe mkubwa anatoka kwenye mstari.

Anaondoka! Mama afanye nini? Akiita, picha imeharibika. Akigeuza shingo, imeharibika. Akasimama kama mti, akisikia viatu vya mwanawe nyuma ya mgongo wake.

Lakini viatu havikuelekea barabarani. Vilikimbia nyuma ya watu wote, vikaishia upande wa kulia. Mkubwa akajipenyeza kando ya mdogo wake, anahema.

"Mdogo wangu, nilikosea. Ilinipasa nikusubiri. Usinijibu! Kamera inakuja!"

Mdogo akakaza macho mbele. Machozi yakamtoka, asitikise hata kope. Kamera ikawafikia, ikawapita, ikanyamaza.

"Shikamoo, kaka," akasema.

"Marahaba. Nilidhani utaning'ata."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mpiga picha akashika kichwa: "Mzee, wewe utatokea mara mbili!"

"Acha nitokee," akasema mkubwa. "Kule mwanzo nilikuwa nimenuna."

Sasa sisi, wenzangu. Mungu ametutazama, ametusamehe, neema imeshatupita kama kamera ile hapa tuliposimama, tuko huru kusogea. Tunaufanyia nini huo uhuru? Wengi wetu tunachukua mkoba na kwenda zetu. Tunasema, mimi na Mungu wangu tuko sawa, huyo mwingine aje mwenyewe, tena aje kwa heshima. Mwenzako bado amesimama kule mwisho, amekaza uso, hawezi kusogea. Wewe unaweza. Unasubiri nini? Usisubiri moyo ulainike, maana wa kwangu haulainiki kwa kusubiri. Tumia miguu. Zunguka nyuma ya watu, hata wakikucheka, ukaseme neno moja ukiwa unahema.

Yule mama hakutoa hotuba. Alisuuza mashuka akayaanika, akaingia jikoni. Giza lilipoanza kuingia akapakua wali na kuku, akazunguka jamvini akigusa kichwa kimoja kimoja, wana, wakwe na wajukuu. Wale ndugu wawili aliwakuta kwenye sinia moja, wanagombania paja. Hakukosekana mtu. Akanawa mikono, akakaa, akala.