Sanduku la Mama Pimbi Lililokaa Ndani ya Sufuria

Shauri Namba Tatu la Mwaka wa Ukame: Kuhusu Feni Ivumayo Mlimani Bila Kibali, na Sanduku Linalodaiwa Kuishi Ndani ya Sufuria.

Hivyo ndivyo lilivyoandikwa kwenye jalada, kwa wino mwekundu, na chini yake mihuri miwili: mmoja wa kuthibitisha, na mwingine wa kuthibitisha ule wa kwanza. Lakini jalada halisimuliwi. Tusogee jikoni.

Nateleka?

Teleka.

Nateleka nini?

Hadithi.

Na ikiungua?

Tutaila na ukoko wake.

Haya. Mwaka huo mvua ilipita mbali kama mgeni aliyekosea nyumba. Likabaki bwawa moja. Bwawa lilikuwa na Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwa Bwana Kifaru. Karakana ya masanduku ilikuwa na Meneja, na Meneja alikuwa Bwana Kifaru. Kamati ya malalamiko ilikuwa na mjumbe mmoja tu, na mjumbe huyo mnamjua.

Maji hayakunywewa ovyo. Kila nyumba ilitakiwa kuwa na sanduku, yaani kompyuta iliyoundwa katika karakana ya Bwana Kifaru, yenye pembe moja juu kama yeye. Ndani ya sanduku hukaa Mfumo. Sanduku ni mwili, Mfumo ni roho. Kila asubuhi sanduku husema "Karibu" kwa sauti nene, Mfumo huamka, hutoa karatasi ya zamu, nawe huipeleka bwawani kwa Karani Korongo, aliyesimama kwa mguu mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa bado haujaidhinishwa.

Kanuni zilibandikwa mtini. Ya kwanza: Mfumo haukosei, na asemaye umekosea hatakunywa maji siku thelathini. Ya pili: Mfumo haukai popote ila ndani ya sanduku la karakana. Nyingine zilifuata mpaka chini kwenye mizizi, ambako mchwa walikuwa wameanza kuzisoma.

Sasa, mlimani kulikuwa na mjane mmoja, Mama Pimbi, na watoto saba. Siku moja sanduku lake, aliloachiwa na marehemu mumewe, likasema puh, likatoa moshi, likanyamaza. Bila sanduku hakuna karatasi. Bila karatasi hakuna maji. Mama Pimbi akalibeba mgongoni mpaka karakana.

"Halitengenezeki," akasema Bwana Kifaru, bila hata kuligeuza.

"Feni ndiyo iliyokwama, Bwana, ikaunguza bodi. Mfumo wenyewe mzima, uko kwenye diski."

"Mfumo mzima, sanduku limekufa. Na sanduku likifa, namba yake hufutwa daftarini. Nunua jipya. Bei yake ni majani yote ya upande wa kaskazini wa mlima wako."

"Upande wa kusini ni mawe matupu, Bwana."

"Pimbi si mnapenda mawe?"

Mama Pimbi akaitoa ile diski, akaifunga kwenye pindo la kanga. Asirudi kwake kwa njia kuu. Akazunguka nyuma ya karakana, kwenye jalala, akaanza kupekua. Akaokota bodi iliyopasuka pembeni. Akaokota feni yenye mapanga mawili badala ya matano. Akaokota kioo chenye ufa. Jirani mmoja akapita, akamsalimu. Mama Pimbi akasema anatafuta kuni.

Akaona haya. Akaendelea.

Nyumbani hakuwa na kasha la kuvitia. Alikuwa na sufuria, ile kubwa ya maharage, iliyobonyea ubavuni. Akaisugua, akapanga humo bodi, diski na feni, akatoboa tundu za nyaya, akaegemeza kioo kwenye mfuniko. Akawasha. Krrr-tuf. Krrr-tuf. Watoto wakarudi nyuma.

Mfumo ukaamka gizani, ukaandika kwenye kioo: Niko ndani ya nani?

Mama Pimbi alilelewa kusema kweli. Akaandika: Uko ndani ya sufuria.

Fuu. Kioo kikazima.

Kesho yake akawasha tena. Krrr-tuf. Mfumo ukauliza: Niko ndani ya nani? Mama Pimbi akaandika namba ya lile sanduku la mumewe. Mfumo ukafikiri kidogo, ukajibu: Huyo ni marehemu.

Fuu. Kioo kikazima. Watoto wakaenda kulamba umande kwenye mawe, na jua lilikuwa limeutangulia.

Siku ya tatu ikaja habari kwamba mama yake Bwana Kifaru amefariki. Kuhani msiba ni kuhani msiba. Hata aliyekunyima chumvi, akifiwa utamwendea. Mama Pimbi akajifunga kanga yake ya heshima, akashuka mlima na midomo iliyokauka. Na alikwenda kwa nia safi. Hilo ni kweli, na ndilo lililokuja kumuuma.

Akamkuta Bwana Kifaru amekaa kwenye mkeka, ameinamisha pembe.

"Pole, Bwana."

"Nimeshapoa, Mama. Umetembea kutoka mlimani na kiu hiki?"

"Ni wajibu."

Bwana Kifaru akamtazama kwa yale macho yake mafupi yasiyoona mbali. Akasema kwa sauti ambayo karakana haijawahi kuisikia: "Mama Pimbi, ukiwa na haja yoyote, usione haya. Sema."

Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi: maji. Lakini mfiwa haombwi kitu matangani, mfiwa hupewa. Mama Pimbi akameza neno lake, likapita kwa shida kwenye koo kavu, akasema, "Ahsante, Bwana. Mungu akupe subira."

Baadaye kidogo wanawake wakaitana kupanga chumba cha ndani, mikeka haitoshi, vitu visogezwe. Mama Pimbi akabeba kilichokuwa karibu naye. Kilikuwa sanduku la Bwana Kifaru mwenyewe. Akaliinamisha lipite mlangoni, na chini ya tumbo lake akaona namba: nne nne, sita moja.

Aliona haya kuomba. Kuiba hakukuhitaji kumsemesha mtu.

Akarudi mlimani akiirudia asiisahau. Hatua, nne nne. Hatua, sita moja. Midomo inacheza, kichwa chini. Wahani wenzake njiani wakadhani anamwombea marehemu.

"Nne nne, sita moja," akanong'ona Mama Pimbi.

"Amina," wakaitikia.

Akaona haya. Akaendelea.

Asubuhi akawasha. Krrr-tuf. Niko ndani ya nani? Mama Pimbi akaandika namba. Mfumo ukatulia. Ukatulia tena. Kisha kioo kikang'aa chote, pamoja na ufa wake, kikaandika: Habari ya asubuhi, Bwana Kifaru.

Lilikuwa na kasoro zake sanduku lile. Halikuwa na sauti; pale pa kusema "Karibu" lilisema krrr. Halikutakiwa kusinzia pia. Likisinzia haliamki mpaka ulipige kofi. Lakini karatasi lilitoa: zamu ya kwanza kabisa ya siku, na kipimo cha maji cha kifaru mzima.

Mama Pimbi akaenda bwawani na watoto saba na vibuyu kumi. Karani Korongo akaisoma karatasi. Karani Korongo husoma karatasi tu. Nyuso si kazi yake.

"Nne nne sita moja. Zamu ya kwanza. Pita."

Wakanywa. Wakajaza. Wakaondoka, na kipimo hakijaisha.

Jua lilipopanda akaja Bwana Kifaru, ti, ti, ti, na karatasi yake mdomoni.

"Samahani, Bwana," akasema Karani. "Umeshakunywa."

"Nani?"

"Wewe, Bwana. Zamu ya kwanza. Nimeandika."

"Mbona nina kiu?"

"Hilo halimo kwenye daftari. Mfumo unasema umekunywa, na Mfumo haukosei."

Bwana Kifaru akasimama akijichunguza. Akafikiri huenda amekunywa. Msiba hupoteza fahamu. Akarudi nyumbani. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Habari zikapanda mlimani kwamba Bwana Kifaru anatembea akijiuliza kama amekunywa. Mama Pimbi alikuwa anamwogesha mtoto wa mwisho. Akasimama na kibuyu mkononi. Mfiwa ana kiu, akajisemea, na mimi ndiye ninayemnywea.

Akaona haya. Akaendelea kumwogesha, kwa maji machache zaidi.

Siku ya tatu Bwana Kifaru akamwinamia Karani mpaka pembe ikagusa daftari. "Hebu nieleze. Nilipokuja, nilikujaje?"

Karani akafumba jicho moja. "Sura sikumbuki, Bwana. Ila ulikuja na watoto saba."

"Mimi sina watoto."

"Nami sikukuuliza. Ni mambo ya nyumbani kwako."

Pale pale upepo ukashuka kutoka mlimani na mlio wake: krrr-tuf, krrr-tuf. Bwana Kifaru akatega sikio. Macho yake mafupi, masikio yake marefu. Jalada likafunguliwa hapo hapo, na wino mwekundu ukatafutwa.

Bwana Kifaru na Karani walifika pangoni kwa Mama Pimbi saa ya watoto kula. Mama Pimbi alisikia ti, ti, ti, akaifunika sufuria kwa kanga.

"Hodi," akasema Bwana Kifaru.

"Karibuni. Kuna maji ya kunywa," akasema Mama Pimbi, na alipokwisha kusema alitamani ardhi immeze.

Bwana Kifaru akanusa. "Mbona nasikia harufu ya maharage?"

Karani akavuta kanga. Akaitazama sufuria upande huu, akaitazama upande ule. Akaongeza sufuria kwenye jina la jalada, akachukua fomu. "Umbo la nje," akasoma. "Sehemu hii imeachwa kwa matumizi ya ofisi. Tuendelee. Swali la kwanza: je, sanduku husema 'Karibu' linapowashwa?"

Mama Pimbi akawasha. Krrr-tuf.

"Halikusema," akasema Bwana Kifaru. "Andika. Si rasmi."

Maneno yakamtoka Mama Pimbi kabla hajayapima: "Tuko matangani, Bwana. Nimelinyamazisha kwa heshima ya mama."

Bwana Kifaru akainamisha kichwa. Tone likashuka pembeni mwa jicho lake, likatua kwenye vumbi, na mtoto mmoja wa pimbi akalitazama kwa uchu.

"Wewe peke yako," akasema Bwana Kifaru. "Nchi nzima, ni wewe peke yako uliyenyamazisha."

Akaona haya, Mama Pimbi, haya zikampanda mpaka kwenye masikio. Lakini fomu ilikuwa na swali la pili.

"Jina la mwenye sanduku kwa mujibu wa Mfumo," akasoma Karani, akasogea kwenye kioo. Akasoma. Akarudia kusoma. "Habari ya asubuhi, Bwana Kifaru."

"Nimeshaamka zamani. Soma jina."

"Ndilo hilo, Bwana. Namba nne nne sita moja. Mfumo unasema sanduku hili ni lako, na ni rasmi."

"Langu liko chumbani kwangu. Huo Mfumo ume..."

Karani akainua kalamu. "Ume nini, Bwana? Niandike? Ni siku thelathini."

Bwana Kifaru alikuwa na siku tatu bila maji. Akaufunga mdomo. "Hapana," akasema. "Nilikuwa napiga mwayo."

"Basi kama hili ni rasmi," akasema Karani, "lile la chumbani ni bandia, maana namba moja haina masanduku mawili. Litavunjwa. Linalobaki ni kueleza hili limefikaje mlimani."

Wote wakamgeukia Mama Pimbi. Watoto saba wakaacha kutafuna. Akiungama, hakuna maji, si leo si kesho, na upande wa kaskazini wa mlima utakwenda. Aliangalia chini, akaona vidole vya miguu yake mwenyewe.

"Ulisema, Bwana," akasema polepole. "Siku ya matanga. Ulisema nikiwa na haja yoyote, nisione haya."

Bwana Kifaru akakumbuka. Alikumbuka mkeka, alikumbuka kiu cha mgeni wake, alikumbuka maneno yake mwenyewe, kwani hakuwa nayo mengi ya namna hiyo. "Nilisema," akasema. "Kweli nilisema. Kumbe nilikuazima, nikasahau." Akaona haya na yeye; ikawa pango dogo lina haya za watu wawili. "Mama Pimbi, niwie radhi. Nimekuja kupekua nyumba ya aliyemlilia mama yangu."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko jalala na kuliko ile Amina ya njiani. Lakini mtu akikuomba radhi mbele ya karani, lazima umjibu.

"Nimekusamehe, Bwana," akasema Mama Pimbi.

Karani akaandika: Ameazimwa. Akapiga muhuri ubavuni mwa sufuria, pale ilipobonyea. "Limebaki moja. Kanuni ya sita: aliyeazimisha sanduku lake hununua jipya, kwa bei kamili."

"Ananunua kwa nani?"

"Kwa Bwana Kifaru."

"Hapunguzi?"

"Hajawahi, Bwana."

Na hakupunguza. Ikawa kila siku Bwana Kifaru anabeba majani kutoka shamba lake kwenda ghala lake, ti, ti, ti, anajipokea mwenyewe mlangoni na kujilaumu kwamba mzigo ni mdogo. Sanduku lake la zamani, lile la kweli, likavunjwa kwa nyundo kwa kosa la kujifanya rasmi, na vipande vikatupwa jalalani. Na kila apitapo chini ya mlima humpungia Mama Pimbi mkono, na kumwuliza kama sanduku linamfaa.

"Linafaa, Bwana," hujibu Mama Pimbi.

Huona haya. Hunywa.

Naepua?

Epua.

Mafunzo ya hadithi hii ni mawili, na yote yamepigwa muhuri. La kwanza: usiutie Mfumo kwenye sanduku lisilo rasmi, kwani hautafanya kazi hata siku moja. La pili: mwenye haya hafanikiwi.

Imeungua?

Chini kidogo.

Basi ukoko ni wenu, huu hapa: Mama Pimbi hakuazimwa kitu. Aliiba namba msibani, na watoto wake saba wakanywa maji.